Nyumba ya miaka ya 60 Tudor, paa la mabati ya simenti: nitajuaje kama ni asbestosi kabla fundi hajapanda?

#1 Mrithi_Tudor
Salaam aleikum wana Mombasa. Nyumba aliyotuachia marehemu baba iko Tudor, ilijengwa miaka ya 60 mwanzoni. Juu ina yale mabati mazito ya kijivu, ya mawimbi, si chuma. Ndani silingi bodi ni nyeupe na imeanza kubonyea upande wa choo. Twataka kuezua tuweke mabati mapya kabla ya masika, na kuvunja ukuta mmoja wa jikoni. Fundi ashapanga vijana wake waje na nyundo na grainda. Dada yangu asema ile ni asbestosi, zile nyuzi za madini ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, asiguse mtu. Fundi asema ni simenti tupu, ameyavunja maisha yake yote na yu hai.

Swali: kabla hatujavunja chochote, nitajuaje? Na huku Pwani naanzia kwa nani?

#2 Kibokoni_Damu
Kaka, nyumba ya enzi hiyo na bati la kijivu la mawimbi, usijisumbue kupima. Ichukulie ni asbestosi, umalize.

#3 Mchanga_Mweupe
Njia rahisi: mega kipande, kitie moto. Kikishika si asbestosi. Kisiposhika ndiyo yenyewe.

#4 Fundi_Changamwe
Namba 3, tafadhali usiwape watu hiyo. Simenti gani waijua wewe inayoshika moto? Yenye asbestosi haiungui, isiyo na asbestosi haiungui vilevile. Utakuwa umemega, umevuta vumbi, na hujajua kitu.

#5 Bi_Hadubini
Nafanya kazi maabara, ingawa si ya vifaa vya ujenzi. Kwa macho hakuna ajuaye, awe fundi awe mhandisi. Viwanda vilipoacha asbestosi viliendelea kutoa mabati ya umbo lilelile na rangi ileile, simenti iliyotiwa nyuzi za aina nyingine. Umri wa nyumba wakupa shaka tu. Jibu latoka kwenye hadubini, ambapo mpimaji aangalia nyuzi zenyewe chini ya mwanga maalumu.

Sampuli ikichukuliwa na mtu wa kazi ni bora. Kama ni lazima uichukue mwenyewe: tafuta pembe ambayo tayari imepasuka, usivunje mpya. Nyunyizia maji yenye matone ya sabuni ya vyombo mpaka palowe kabisa. Mega kipande kidogo kwa koleo, tia kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, kisha mfuko wa pili juu yake, uandike kimetoka wapi. Pafute kwa kitambaa chenye maji na hicho kitambaa nacho ukitie mfukoni. Lile jeraha uliloacha kwenye bati lizibwe kwa rangi au tepu. Barakoa iwe ya daraja la P3. Zile za kitambaa tulizovaa wakati wa Korona hazizuii nyuzi hizi. Na watoto wasiwe karibu.

Pa kuanzia ni ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Waulize maabara na wakandarasi wenye kibali cha taka hatari.

#6 Mrithi_Tudor
Shukran sana Bi Hadubini. Sampuli ya paa yatosha, ama silingi nayo nipeleke?

#7 Bi_Hadubini
Kila kitu na chake. Jibu la paa halikwambii lolote kuhusu silingi. Na kama silingi ilibandikwa viraka miaka tofauti, kila kiraka kina historia yake. Watu hukodolea macho paa wakasahau vitu vingine: tangi la zamani la maji la simenti, bomba la moshi la jikoni, bomba la maji machafu linaloshuka ukutani, vigae vya plastiki vya sakafu na ile gundi nyeusi chini yake, ubao nyuma ya sanduku la fyuzi za umeme. Vyote hivyo vimewahi kutengenezwa kwa asbestosi duniani. Kwa kazi yako mimi silingi yanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu bodi laini huachia nyuzi upesi kuliko simenti ngumu. Na iko ndani, hakuna upepo wa kuchukua vumbi.

#8 Pwani_Moja
Mbona twazunguka? Serikali ilishaipiga marufuku. Mwenye nyumba yenye asbestosi ni mhalifu tayari, akipatikana ni faini. Ezua usiku, beba, kwisha.

#9 Wakili_wa_Ganjoni
Pwani_Moja, ushauri huo ndio utakaompeleka kortini. Kanuni za usimamizi wa taka, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zimeiweka asbestosi kwenye taka hatari. Neno hapo ni taka. Zinakushika pale unapoishusha ikawa taka: nani anaibeba, kwa kibali gani, anaipeleka wapi. Anayebeba lazima awe na leseni ya NEMA. Lori la usiku halina. Kisha kuna sheria ya usalama na afya kazini ya 2007. Wewe uliyewaita hao vijana una wajibu kwao, hata kama fundi ndiye anayewalipa.

#10 Pwani_Moja
Sawa wakili, nimekusikia. Lakini nenda Kisauni ndani uone mabanda mangapi ya kuku yameezekwa yaleyale mabati yaliyoshushwa mjini. Hao leseni waliipata wapi?

#11 Mama_Kuku_Bamburi
Hilo la namba 10 ni kweli kabisa, na linaniuma. Jirani yangu aliletewa mabati ya kijivu bure baada ya nyumba moja kubwa kuvunjwa. Akaezeka banda. Vilivyovunjika akavisaga akajazia njia ya gari ili matope yasimsumbue. Watoto wote wa mtaa wapita pale, na kaskazi ikivuma ile njia yafuka vumbi jeupe mpaka madirishani. Nilimwambia, akanijibu nyumba ile watu walikaa miaka na hawakufa. Sasa mimi nafanyaje?

#12 Bi_Hadubini
Mama, paa likiwa zima juu ya nyumba nyuzi zimeshikwa na simenti. Lililosagwa na kukanyagwa na magari ndilo baya. Kwa sasa palowe, pasifagiliwe pakavu, na pafunikwe kwa tabaka la zege au kitu kingine kigumu. Kisha afisa wa afya ya umma wa wadi aambiwe. Usianze kuchimbua mwenyewe.

#13 Baharia_Mstaafu
Nyinyi mwazungumza mapaa, mimi nitawaambia meli. Vijana wetu wengi wa Mombasa walifanya chumba cha injini. Mabomba yote ya mvuke yalifungwa asbestosi, na ukitaka kurekebisha valvu wabandua kwa mkono, vumbi lashuka hata humuoni mwenzio. Tukishuka bandarini ovaroli zile twawapelekea wake zetu wafue. Hakuna aliyetwambia. Sheria ya kimataifa ya usalama wa meli ilikataza kuweka asbestosi mpya melini kuanzia Julai 2002, ikabaki ruhusa kwa sehemu chache, nazo zikafungwa Januari 2011. Lakini meli kuukuu zilizojengwa kabla zilibaki nayo tumboni.

Nalileta hapa kwa sababu hii: miaka ile vitu vya meli iliyochakaa vilikuwa vikiuzwa. Mbao, milango, zile bodi za kutenga vyumba. Watu wakajengea. Basi ewe Mrithi, kama marehemu mzee alikuwa mtu wa bandari, tazama ndani ya nyumba kama kuna bodi ngumu usiyojua asili yake.

#14 Mrithi_Tudor
Mzee wangu, marehemu alikuwa karani bandarini. Na jikoni kuna mlango mmoja mzito ajabu, una bodi katikati ya mabati mawili membamba. Nao uko kwenye ukuta uleule twataka kuvunja. Lo.

#15 Kibokoni_Damu
Basi simama hapo hapo, usiuguse.

#16 Shanga_na_Udi
Alhamdulillahi sisi wa Mji wa Kale tumesalimika. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Wazee walijenga kwa vitu vya Mungu.

#17 Fundi_Changamwe
Da Shanga, ukuta ni wa matumbawe, nakubali. Je, juu? Dari nyingi za boriti zilipoanza kuvuja watu wakaezeka juu yake chochote kilichopatikana madukani. Vyoo viliongezwa baadaye, na mabomba ya maji machafu yalipitishwa nje ya ukuta. Nimetengeneza nyumba huko kwenu: chini ni ya karne na karne, juu ni ya juzi. Wewe pima hicho cha juzi.

#18 Shanga_na_Udi
Haya fundi, nitapanda nitazame. Lakini huku hatuvunji ovyo. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hata dirisha lina idhini yake kutoka kwa watu wa Makumbusho.

#19 Mchanga_Mweupe
Mimi bado sijaelewa kitu. Kama yaua hivyo, mbona wazee wa Tudor, Makupa na Changamwe walilala chini yake na wakafika miaka themanini? Babu yangu alikohoa, ndiyo, lakini alikuwa mvuta sigara.

#20 Nesi_wa_Likoni
Hapo ndipo ugumu ulipo. Nyuzi zikiingia ndani kabisa ya mapafu mwili hauwezi kuziyeyusha. Kwa wengine mapafu yapata makovu na pumzi yapungua. Kwa wengine ni saratani ya mapafu, au ile saratani ya utando unaozunguka mapafu. Lakini kati ya kuvuta vumbi na kuugua huweza kupita miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Mtu akija hospitalini na kikohozi na maji kifuani, huku kwetu wazo la kwanza ni kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli. Nani atamuuliza kama 1978 alikuwa akikata mabati? Na kuhusu sigara: anayevuta na akavuta vumbi la asbestosi, hatari yake ya saratani ya mapafu ni kubwa kuliko ukizihesabu hizo mbili mbalimbali ukazijumlisha. Kwa hiyo babu yako, Mchanga, sigara haimtoi kwenye hesabu.

#21 Mwashi_Mvita
Mimi nina maoni mengine. Mafundi wenzangu wanaokohoa hawakufanya kazi ya paa hata siku moja, ni waashi. Wanapasua mawe ya matumbawe, wanachanganya chokaa kavu. Nadhani ni vumbi la matumbawe, twaisingizia asbestosi bure.

#22 Bi_Hadubini
Matumbawe na chokaa ni kalisi. Huwasha kifua na macho, lakini hayafanyi kama asbestosi. Mwashi achunge zaidi vumbi la mchanga, zege na vigae vinavyokatwa kwa grainda pakavu, maana lile lina madini yaitwayo silika, na silika nayo huacha makovu mapafuni.

#23 Mwashi_Mvita
Basi ni hiyo silika. Narudi palepale, si paa.

#24 Nesi_wa_Likoni
Kwa waashi yaweza kuwa silika. Kwa Baharia na wenzake sitasema hivyo. Na kuna mama aliyepika kwa kuni na makaa miaka yote kwenye jiko lisilo na dirisha, naye akohoa. Kifua kimoja chaweza kuwa na sababu tatu.

#25 Fundi_Changamwe
Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe, maana hili la kuezua nimeliona likifanywa vibaya sana.

Shida ya Mombasa ni chumvi. Zile bolti za ndoano zilizoshika mabati kwenye mbao zimeoza. Hazifunguki kwa spana. Kijana akichoka achukua nyundo, avunja bati kuizunguka bolti, au aleta grainda akata bati na bolti pamoja. Hapo ndipo vumbi linapotoka. Kisha vipande vyatupwa chini kutoka juu, vyapasuka tena. Jioni mtu afagia pakavu. Kila hatua hapo ni makosa.

Niliyofundishwa na mkandarasi wa kazi hiyo: paa lilowe kwanza, maji ya bomba la mnyunyizo, si ya kasi, kwa kuwa maji ya kasi yapasua uso wa bati na kumwaga uchafu wote. Bolti ikatwe kwa mkasi wa vyuma upande wa chini. Bati litoke zima, lishushwe kwa kamba, lipokewe kwa mikono. Likifika chini lafungwa kwenye nailoni nzito, tabaka mbili, laandikwa. Wafanyakazi wavaa ovaroli za kutupwa, na hawaendi nazo nyumbani, kwa sababu aliyoisema Baharia.

Na jambo ambalo hakuna aliyelitaja: kuanguka. Bati la simenti la miaka hamsini halibebi mtu. Laonekana gumu, wakanyaga katikati ya mbao mbili, washuka nalo mpaka sakafuni. Nimeona mtu akivunjika nyonga hivyo. Saratani yangoja miaka, kuanguka ni leo asubuhi. Mbao pana za kutembelea ziwekwe juu, au kazi ifanywe kutokea chini kwenye jukwaa.

#26 Mrithi_Tudor
Fundi, Mungu akulipe. Nimempigia yule wangu nikamwambia asije kwanza. Hakufurahi.

#27 Kisimani
Mie swali langu ni la maji. Hapa kwetu mfereji hutoka siku utakazo wenyewe, twategemea mvua. Paa ni hilo hilo la kijivu, maji yaingia birikani. Twanywa asbestosi?

#28 Bi_Hadubini
Shirika la Afya Duniani limeliangalia hilo. Halikuweka kikomo cha asbestosi kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa ushahidi wa madhara kwa kumeza si thabiti. Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta. Hata hivyo paa kuukuu likipigwa na mvua na hewa ya bahari uso wake waliwa pole pole, na zile nyuzi zatulia chini ya birika na kwenye mifereji ya paa. Siku ya kuosha birika, tope hilo lisiachwe likauke. Litolewe likiwa majimaji.

#29 Sukuma_Wiki
Nami niseme kidogo: mabati ya chuma karibu na bahari hayadumu, kutu yala. Na joto! Wazee walichagua hayo ya simenti kwa sababu nyumba ilikuwa baridi. Makuti yangekuwa bora kuliko yote.

#30 Kibokoni_Damu
Makuti Tudor, na jirani anachoma mahamri kila alfajiri? Sukuma_Wiki, waitaka fire brigedi ihamie kwako.

#31 Sukuma_Wiki
Hahaha. Nilisema yangekuwa, sikusema weka.

#32 Dr_wa_Mtandao
Tusitishane. Asbestosi ya bluu na ya kahawia ndizo mbaya. Ya mabati mara nyingi ni nyeupe, na nyeupe haina shida. Kelele zote hizi ni za wauzaji wa mabati mapya.

#33 Nesi_wa_Likoni
Bluu na kahawia ni kali zaidi kwa ile saratani ya utando, hapo una hoja. Lakini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka aina zote, pamoja na nyeupe, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Uingereza ilifunga mlango kwa nyeupe 1999, Afrika Kusini waliokuwa wakiichimba wenyewe walipiga marufuku 2008, Marekani wakatoa kanuni dhidi ya nyeupe Machi 2024. Hao wote si wauza mabati.

#34 Dr_wa_Mtandao
Nyeupe bado yachimbwa Urusi na kuuzwa duniani. Hilo nalo ni kweli.

#35 Wakili_wa_Ganjoni
Kweli. Na kuuzwa hakuondoi hatari yake.

#36 Mwashi_Mvita
Kwa hiyo Mrithi aezue au aache? Hapa watu wawili wana majibu matatu.

#37 Bi_Hadubini
Mimi nasema paa likiwa zima, halijapasuka, hakuna wa kulitoboa, bora lipakwe rangi ya kuziba na liachwe, likaguliwe kila baada ya muda. Kulishusha ndiko kunakoamsha vumbi. Silingi na mlango wa jikoni nitavifikiria mbali na hilo.

#38 Fundi_Changamwe
Nami sikubaliani, kwa heshima. Paa la Mombasa la miaka ya 60 si zima. Chumvi ishalila, na bolti zaachia. Ukilipaka leo, mwakani upepo wa kusi waling'oa lianguke uani livunjike lenyewe. Bora lishushwe kwa utaratibu kuliko likushukie bila utaratibu. Na kuna wanaolaza mabati mapya juu ya haya, mimi hiyo siitaki: lazima utoboe ili kufunga.

#39 Dada_wa_Mrithi
Mimi ndiye yule dada. Nimesoma yote. Suala letu ni pesa. Mkandarasi mwenye leseni ameomba zaidi ya gharama ya mabati mapya yenyewe. Ndugu zetu wengine wawili wasema hawatoi senti kwa ajili ya kufunga takataka kwenye nailoni.

#40 Wakili_wa_Ganjoni
Pole dada. Pimeni kwanza. Jibu la maabara kwenye karatasi ndilo litakalowazungumzisha hao ndugu, na likija kwamba hakuna asbestosi mmeokoa hizo pesa zote. Ikionekana ipo, ulizeni majirani. Nyumba kadhaa za mtaa mmoja za mwaka mmoja, mkandarasi mmoja aweza kuzifanya kwa safari moja, bei ishuke.

#41 Pwani_Moja
Na mabati yakishashushwa yapelekwe wapi? Jaa la taka la Mwakirunge?

#42 Wakili_wa_Ganjoni
Si kumwagwa na taka za nyumba. Yazikwa mahali palipoidhinishwa na NEMA, na mkandarasi akupe karatasi ya kuonyesha yalipofika. Asiyekupa hiyo karatasi usimlipe awamu ya mwisho, kwani huenda mabati yako yako Bamburi kwa jirani ya Mama Kuku.

#43 Mrithi_Tudor
Tumekubaliana na dada: sampuli tatu, paa, silingi na ile bodi ya mlango, zitachukuliwa na mtu aliyetumwa na maabara, si na sisi. Ukuta wa jikoni umesimama mpaka majibu yaje. Baharia, zile bodi za meli zilikuwa na alama yoyote nyuma? Yangu ina rangi ya kijani na herufi zilizofutika.

#44 Baharia_Mstaafu
Kijani ilikuwa rangi ya vyumba vya injini kwenye meli nyingi nilizopanda. Usiikwangue kusoma herufi. Piga picha uiweke hapa.